Tuongee mpingo, wana Moshi na Arusha: uzito wake, ukaushaji wake, na fimbo nyeusi zinazoelea

FundiKereza

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi iliyopita alikuja kijana karakana kwangu hapa Majengo, Moshi. Mkononi ana bakora nyeusi, inang'aa, kichwa kimechongwa simba. Ameinunua Arusha kwa ajili ya baba mkwe wake mtarajiwa, wanakwenda kujitambulisha ukweni Marangu, na mzee ni mfupi, kwa hiyo alitaka nipunguze inchi mbili. Nikaibana kwenye jiliwa, nikapitisha msumeno. Unga uliodondoka ulikuwa mweupe kama wa sembe. Weusi wote ulikuwa rangi ya viatu iliyosuguliwa kwa kitambaa, na ndani kulikuwa na mjakaranda. Yule kijana alikaa kimya muda mrefu. Alikuwa ameambiwa ni mpingo na alilipa bei ya mpingo.

Aliyemuuzia simtaji, na wala sijui kama yeye mwenyewe hakuuziwa hivyo hivyo. Lakini iliniuma. Mpingo ni mbao yetu, imetoka kwenye ardhi hii, watu wa Ufaransa na Ujerumani wanaijua kwa kuigusa tu, na sisi tunaoishi nayo tunauziwa mjakaranda. Kwa hiyo nimeamua niandike ninachokijua. Nilianza kazi kijana kabisa kwenye mashine ya mbao hapa hapa Moshi iliyokuwa inakata vipande vya mpingo kwa ajili ya ala za muziki, nikakaa pale miaka sita. Tangu hapo nakereza mwenyewe: vipini vya visu, michi midogo, bakora, vichwa vya fimbo za wazee.

Nitaandika kwa awamu maana nina kazi. Karibuni kwa maswali.

FundiKereza

Naanza na uzito, maana ndiyo alama ya kwanza.

Chukua kipande cha mbao chenye upana sentimita 5, unene sentimita 5, urefu sentimita 40. Ukizidisha unapata sentimita za ujazo 1,000, yaani sawasawa na lita moja ya maji, na lita ya maji ina kilo moja. Kipande hicho kikiwa saipresi iliyokauka, hii ya kupaulia, kina kama gramu 450. Kikiwa mninga, gramu 600 na kitu. Kikiwa mpingo mkavu, kilo 1 na gramu 200, wakati mwingine hadi 270. Ndiyo maana mpingo unazama majini. Mninga unaelea, saipresi inaelea, mtiki unaelea.

Uzito huo unatokana na jinsi mti wenyewe ulivyojengeka. Mpingo unakua polepole mno, kwenye nchi kavu yenye jua kali na mvua ya shida, na kile kiini cheusi kimejaa mafuta na utomvu mpaka nafasi za hewa ndani ya nyuzi zimebaki kidogo sana. Ukiukata kwa chombo kikali hauchomoki nyuzinyuzi kama msonobari. Unakatika laini, karibu kama unakata pembe. Mara ya kwanza niliposimama kwenye mashine ya kukereza na kipande cha mpingo, nilishangaa sauti yake. Mbao nyingine zinaguna. Huu unalia kwa sauti nyembamba, na utepe unaotoka kwenye patasi unajikunja kama wa chuma laini.

Halafu rangi. Kiini cha mpingo halisi si cheusi tii kila mahali. Ukikiangalia juani kina michirizi ya zambarau na kahawia iliyokolea sana. Kwa nje, chini ya gome, kuna ukanda mwembamba wa rangi ya maziwa kuelekea njano. Wachongaji wa Kimakonde wengine wanauacha ukanda huo kwenye kinyago makusudi, na mimi nikiuona ninapata uhakika zaidi.

Unga wake wa msumeno ni wa kahawia iliyoiva kuelekea zambarau. Unga mweupe maana yake mti mwingine.

Chalii_wa_Ngarenaro

Mkuu heshima yako. Mimi nipo Arusha na kuna mjomba ana kibanda cha vinyago soko la Fire Road. Nisiseme uongo, vitu vya kupaka rangi vipo, lakini na mpingo halisi upo, na wazee wanaouchonga wapo. Tatizo mteja anataka kitu kikubwa kwa hela ndogo. Kinyago cha mpingo cha urefu wa mtu hakiwezi kuwa bei ya kinyago cha mjakaranda.

Swali: mtu akiwa dukani, hana msumeno, afanyeje ajue?

FundiKereza

Chalii, asante kwa kuwatetea waaminifu, wapo kweli.

Dukani fanya hivi. Shika mkononi kwanza, kitu cha mpingo kinashangaza mkono. Kisha geuza uangalie chini ya kitako, pale ambapo kinyago kinakaa mezani, maana pale rangi huwa imekwanguka. Omba ruhusa ukwangue kidogo kwa ukucha au ncha ya ufunguo mahali pasipoonekana. Mwenye mpingo halisi hatakukatalia. Tena tumia kitambaa cheupe chenye tone la mafuta ya kula, sugua. Rangi ya viatu itabaki kwenye kitambaa.

Kuhusu maji, msidumbukize kinyago kizima. Tosheni kibanzi tu. Na kiwe kikavu, kwa sababu mbao mbichi za miti mingine mizito nazo huzama kwa ajili ya maji yaliyomo ndani yake.

MamaWawili

Shikamoo fundi. Mimi najenga Soweto hapa Moshi, nilikuwa nataka milango ya mpingo, fundi wangu aliniahidi atanitafutia. Unashauri?

FundiKereza

Marahaba mama. Usifanye hivyo, na naomba umuulize huyo fundi vizuri amekusudia nini.

Mpingo hautoi ubao wa mlango. Mti wenyewe ni mfupi, mara nyingi mita nne mpaka kumi na tano, una miiba, unatoka mashina mawili matatu kwenye mzizi mmoja, umejipindapinda, na katikati una mashimo na nyufa. Shina lenye kiini kizuri unene wa paja la mtu mzima ni mali. Kupata ubao mnyoofu wa futi saba, upana wa inchi kumi, bila ufa, ni jambo ambalo kwa miaka sita kiwandani sikuliona. Na ungeupata, mlango huo ungeng'oa bawaba zake kwa uzito, na kila msumari ungetaka tundu la drili.

Kwa milango chukua mninga au mkongo. Mninga unatulia, haupindi, una rangi nzuri. Mkongo ni mzito kuliko mninga na unavumilia mvua. Mpingo uache ufanye kazi zake.

MamaWawili

Nimekuelewa baba. Kumbe nilikuwa nakaribia kupigwa. Na mchi wa kinu?

FundiKereza

Mchi sawa kabisa, hasa ule mdogo wa kutwangia vitunguu saumu na iliki. Haunyonyi harufu upesi, haubanduki nyuzi ndani ya chakula. Vipini vya visu pia, vitana vya nywele, vishikizo, sataranji, bao dogo la mapambo, kete.

Mchwa hawali kiini cheusi, ila ule ukanda mweupe wa nje wanautafuna. Ukiona nguzo ya mpingo ya zamani iliyochimbiwa ardhini utakuta imeliwa pembeni, ikabaki nyembamba na nyeusi, bado imesimama.

MpulizaClarineti

Fundi salaam. Nilikuwa napiga clarineti kwenye bendi kabla sijastaafu, sasa nafundisha vijana wa kanisani huku Rau. Tuna clarineti ya zamani tuliletewa kama msaada. Mwaka jana mwezi wa saba, kwenye ile baridi, imepasuka kwa juu, ufa unapita kwenye tundu la pili. Nimeambiwa ni mpingo. Ni kweli wanatengeneza kwa mpingo wa kwetu? Na kwa nini ipasuke kama mbao ni ngumu hivyo?

FundiKereza

Mwalimu, hili ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote kwenye mti huu. Nipe nafasi niandike kirefu.

Ndiyo, ni mpingo, na kwa sehemu kubwa unatoka Tanzania na Msumbiji. Mti unaota nchi nyingi za Afrika, kuanzia Ethiopia mpaka Afrika Kusini na magharibi hadi Senegali, lakini wa biashara ya ala unatoka hasa kusini kwetu, Lindi, Mtwara, Ruvuma, na kaskazini mwa Msumbiji. Clarineti, obo, filimbi ndogo, na zile zumari za mfuko za Uskoti, zote zinautegemea.

Sasa angalia jinsi mti na ala vilivyopatana. Nimesema mpingo umepinda, hautoi ubao mrefu. Clarineti nayo haihitaji ubao mrefu. Imeunganishwa vipande vinne vya mbao bila kuhesabu mdomo wake, na katika clarineti ya kawaida hakuna kipande kinachofika sentimita 30. Kwa hiyo mti uliopinda kama mkono wa mzee bado unaweza kukupa vipande vifupi vilivyonyooka, ukijua pa kukata.

Na hiyo "ukijua pa kukata" ndiyo kazi. Gogo linaletwa, tunalilaza, msimamizi analiangalia kichwani. Anatafuta pale katikati kabisa, kile kijitundu ambacho mti ulianzia ukiwa mche. Pale hapafai, kwa sababu ufa unaanzia hapo. Kwa hiyo unakata pembeni yake. Kisha ukanda mweupe unatoka. Kisha penye uozo panatoka, maana moto wa porini ukiunguza chini ya shina, uozo unapanda ndani na wewe nje huoni kitu. Kisha fundo. Kisha nyufa za zamani. Mwisho wa siku gogo la kubebwa na watu wawili linakuachia vipande vichache vya kushika mkononi. Kilichofaa kwa ala hakifiki hata sehemu moja kwa kumi ya gogo. Nilikuwa naumia nikiona lundo la mabaki, mpaka nikaanza kuyaomba, na vipini vyangu vya kwanza vya visu vilitokana na mabaki hayo.

Vipande vikishakatwa, siku hiyo hiyo tunachovya vichwa vyote viwili kwenye nta iliyoyeyushwa. Sufuria kubwa la nta lilikuwa linachemka tangu asubuhi, na harufu yake siisahau. Sababu ni hii: maji ndani ya mbao hupita kwa wepesi kufuata urefu wa nyuzi, kama maji ndani ya mirija. Ukiacha vichwa wazi, pale pataanza kukauka na kusinyaa wakati katikati bado kuna maji. Ncha zinavutana na katikati, ufa unatokea. Nta inayalazimisha maji yatoke polepole kupitia ubavuni. Baada ya hapo vinapangwa kivulini, hewa ipite, visiguswe na jua, na vinakaa. Miezi mingi, na vya ala nzuri ni miaka miwili, mitatu, kabla ya kutobolewa kwa mara ya mwisho.

Sasa clarineti yako. Mbao hii haipendi kubadilika ghafla. Kijana anatoka nje kwenye baridi ya mwezi wa saba, ala imepoa, anaanza kupuliza kwa nguvu. Pumzi ina joto na unyevu. Ndani ya tundu mbao inatanuka, nje bado imeganda. Ngozi ya nje inavutwa, inapasuka, na mara nyingi inapasuka juu karibu na matundu, kwa sababu pale pumzi ndiyo inaanzia na matundu yamepunguza mwili wa mbao. Ugumu hausaidii hapo. Kitu kigumu sana kinapasuka mahali ambapo kilaini kingenyumbuka.

MpulizaClarineti

Umenifumbua macho. Tulikuwa tunaiacha stoo ya kanisa, tunaitoa, tunapiga saa nzima mfululizo. Inaponyeka?

FundiKereza

Inaponyeka kama ufa haujafika ndani. Gundi nyeupe ya mbao haitashika, kwa sababu mpingo una mafuta. Futa ufa kwa spiriti, acha ikauke, kisha tumia epoksi nyembamba iingie, ubane kwa kamba, saa ishirini na nne. Kazi kubwa zaidi ya hapo mafundi wa ala huzungushia pete nyembamba ya chuma ndani ya mfereji. Hiyo mimi sitakudanganya kwamba nimeifanya, lakini ufa wako niletee niuone.

Kwa baadaye: ala ikitoka kwenye baridi, ishike kwapani au mikononi dakika kumi ipate joto la mwili kabla ya kupuliza. Wakimaliza, wavute kitambaa kikavu ndani kila mara. Mara moja moja pitisheni tone la mafuta ya lozi ndani ya tundu, tone tu. Na ala mpya isipigwe saa nzima siku ya kwanza. Dakika kumi na tano, kesho ishirini.

Chalii_wa_Ngarenaro

Kumbe mbao inafundishwa kazi kama ng'ombe wa jembe.

Mkulima_Himo

Fundi, huku kwetu tambarare za Himo nina ekari mbili kavu, mahindi yananisumbua kila mwaka. Nikipanda mpingo nitavuna lini?

FundiKereza

Kaka yangu, wewe hutavuna. Mpingo wa kukata kwa ala unahitaji miaka 70 na zaidi. Mjukuu wako atavuna, labda mtoto wake.

Lakini usiache kwa sababu hiyo. Mpingo ni jamii ya kunde. Mizizi yake ina vifundo vya kurutubisha udongo kama maharage. Majani yake mifugo inakula, maua yake meupe yana harufu nzuri na nyuki wanayapenda. Ukiupanda mpakani huku katikati ukilima, ardhi yako haipotezi kitu.

Hapa Moshi tuna sababu ya kuujua mti huu kuliko wengine. Marehemu Sebastian Chuwa, mtu wa Kibosho, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Ngorongoro, alianzisha mradi wa kuuhifadhi mpingo mwaka 1996 akishirikiana na James Harris, mkerezaji wa mbao kutoka Texas, Marekani. Harris alikuwa anaukereza mpingo kwao, na alipojua unakotoka akataka kurudisha kitu. Bwana Chuwa aliwaingiza watoto wa shule na kina mama kwenye vitalu vya miche. Alifariki mwaka 2014. Kinachonigusa ni kwamba alipanda mti ambao alijua kabisa hataukata.

Mkulima_Himo

Mbegu nazipata wapi na naoteshaje?

FundiKereza

Ganda lake ni jembamba kama karatasi, ndani kuna mbegu moja au mbili. Okota yakiwa makavu mtini kabla hayajapeperuka. Loweka mbegu usiku mmoja, panda kwenye viriba. Zinaota haraka, shida ni baadaye. Mche mchanga una maadui wawili, mbuzi na moto. Weka miiba kuzunguka, na fyeka majani makavu mita moja kila upande kabla ya kiangazi.

Mkulima_Himo

Na kama kuna wa asili shambani? Kuna mmoja upo pembeni ya korongo, babu aliukuta.

FundiKereza

Usiukate kabla hujafika kwa ofisa misitu wa wilaya. Kuvuna kuna kibali chake, na kusafirisha kunahitaji hati ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, na gogo kugongwa nyundo ya serikali. Ukikamatwa barabarani na gogo la mpingo bila karatasi, hakuna wa kukusaidia. Tena nakuomba kama ndugu, mmoja huo uache. Ndio utakaokupa mbegu za hizo ekari mbili.

Wenzetu wa Kilwa wameonyesha njia nyingine. Vijiji vyao vinamiliki misitu kisheria, na mwaka 2009 vilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha kwamba msitu unavunwa vizuri, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Wanavuna kwa mpango, miti michache, na hela inaingia kijijini.

MwanaMonduli

Naomba kuongeza kwa wenye maduka. Mgeni mmoja alikataa kununua kinyago akasema uwanja wa ndege watamnyang'anya kwa sababu ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ukweli ukoje?

FundiKereza

Jamii yote ya Dalbergia, na mpingo ukiwemo, iliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES kuanzia Januari 2017. Hiyo haikuwa marufuku ya biashara, ni usimamizi wa vibali. Ilisumbua sana wanamuziki waliokuwa wanasafiri na ala zao. Mwishoni mwa mwaka 2019 wakalegeza: ala za muziki zilizokamilika hazihitaji tena kibali cha CITES, na vitu vilivyokamilika visivyozidi kilo 10 za mbao hiyo kwa mzigo mmoja pia viliachiwa. Kinyago cha mkononi kinapita kwa upande huo. Magogo na vipande ndivyo vinavyohitaji vibali. Ila muuzaji aandike risiti inayosema ni kitu gani na mbao gani, na aseme kweli.

Chalii_wa_Ngarenaro

Mjomba anauliza: mpingo ndio huo ebony?

FundiKereza

Sokoni wanauita hivyo, na mwambie asigombane na mgeni kwa hilo. Kwa mimea ni miti miwili tofauti. Ebony yenyewe ni jamii ya Diospyros. Mpingo ni Dalbergia melanoxylon, na ukitafuta ndugu zake hapa nchini, mninga uko karibu nao zaidi kuliko huo ebony. Ndiyo maana ukikereza mpingo mara nyingine unasikia harufu tamu kwa mbali, kama ya mninga.

Na hapo nakumbuka jambo ambalo nilipaswa kulisema mwanzo. VUMBI. Wachongaji na wakerezaji, vaeni barakoa nzuri. Unga wa mpingo una kemikali zinazowasha. Mwenzangu kiwandani alianza kwa mafua yasiyoisha, kisha mikono ikatoka vipele mpaka kwenye kiwiko, na kila akipumzika wiki vinaisha, akirudi vinarudi. Mwisho aliacha kazi. Mwili ukishaukataa mpingo, haurudi nyuma. Chongeni nje au dirishani, nawa mikono kabla ya kula, na nguo za kazi msiingie nazo chumbani kwa watoto.

Mjukuu_wa_Meku

Fundi shikamoo, na wote humu. Nimesoma uzi mzima tangu jana. Nina bakora ya marehemu babu yangu, Machame. Alikuwa nayo tangu sijazaliwa. Nyumbani wote tunasema ni mpingo, na mimi nilikuwa najivunia hivyo. Baada ya kusoma nimeogopa. Haina rangi ya kupaka, hilo nina hakika, lakini si nyeusi. Ni kahawia na mistari myeusi kama moshi. Ni nzito sana, na ncha yake imelika. Nimekwangua kidogo chini kwenye ncha kama ulivyosema, unga ni wa kahawia. Kibanzi nimekitosa kwenye bilauri. Kimebaki kidogo juu, halafu kikashuka taratibu mpaka chini.

FundiKereza

Marahaba mama. Mpingo ungeenda chini moja kwa moja. Na kahawia yenye mistari kama moshi sidhani ni mpingo. Lakini usisononeke bado, mbao inayozama hata kwa kusitasita ni mbao nzito kwelikweli. Tusubiri wanaojua fimbo kuliko mimi.

MwanaMonduli

Dada, babu yako alikuwa na marafiki wa Kimasai?

Mjukuu_wa_Meku

Alikuwa ananunua ng'ombe soko la Weruweru miaka yote. Alikuwa na rafiki mmoja aliyekuwa akija hadi nyumbani, tulikuwa tunamwita babu pia.

MwanaMonduli

Basi hiyo ni oloirien. Mzeituni wa porini. Kwetu ndiyo mti wa heshima, tunachonga fimbo na rungu, na vijiti vyake tunachoma kufukizia vibuyu vya maziwa. Mzee wa Kimasai hakupi fimbo ya oloirien kwa sababu ulinunua ng'ombe wake, anakupa kwa sababu umekuwa mtu wake.

Fanya jambo moja. Pale ulipokwangua, sugua kwa kidole gumba kwa nguvu mpaka papate joto, kisha nusa.

Mjukuu_wa_Meku

Nimesugua. Nimemwita na mama yangu anuse bila kumwambia kitu. Amesema "maziwa ya yule mzee." Rafiki yake babu alikuwa anatuletea maziwa kwenye kibuyu tulipokuwa wadogo, yana harufu ya moshi. Mama amekaa chini, analia.

MwanaMonduli

Ndiyo yenyewe.

FundiKereza

Mama, niletee Jumatatu. Ncha umesema imelika, nitaivisha kikombe kidogo cha shaba, na pale ulipokwangua nitapasawazisha kwa msasa laini. Sitaipaka kitu kingine zaidi ya mafuta. MwanaMonduli, niambie, kwenu mnapaka ya ng'ombe au ya kondoo?

MwanaMonduli

Ya kondoo. Nitakuja nayo mwenyewe Jumatatu.